Maman Directrice na Zile Simu Kumi na Moja

Hakusalimia. Hilo ndilo la kwanza ambalo mtu yeyote wa Cimpunda, mtaa wetu wa Bukavu, angekuambia juu yake. Ulifika kwake Jumamosi asubuhi, umepanda mlima, jasho linakutoka, viatu vimejaa matope, ukasema, "Yambo, Maman Directrice," na yeye akanyoosha mkono. Si mkono wa kukupa; mkono wa kupokea. Alitaka simu. Aliifuta kioo kwa pindo la kitenge, akasoma kitu ndani yake, na hapo tu ndipo alipokutazama usoni.

"Numéro sept! Vingt-neuf jours! Siku makumi mbili na tisa! Ulikuwa unangojea nini, Yezu ashuke na mise à jour mu mukono?"

Numéro sept, namba saba, nilikuwa mimi. Nimebatizwa, nina jina, nina diploma ya uuguzi iliyobandikwa ukutani kwa mama yangu, lakini kwa miaka yote ile yule mwanamke aliniita kwa namba ya simu niliyobeba. Naandika haya nikiwa na hasira, na mtu asiniambie nitulie kwanza. Nimetulia miaka minne, na kutulia huko ndiko kulikoniharibu.

Kuna mama mmoja anauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, chini ya kituo chetu cha afya. Kuna neno nilipaswa kumwambia tangu mwaka ule, na miaka minne sikumwambia. Siwezi kusimulia habari za Maman Directrice bila kufika kwa mama huyo, kwa hiyo mjue tangu sasa ninakokwenda.

Zile simu zililetwa na mradi. Sitautaja; kwanza ulishafunga mizigo zamani. Walikuja na fulana, na bango, na simu kumi na moja za kuandikia wamama wenye mimba. Wakatupiga picha tumezishika, wakaenda zao. Haikupita miaka miwili, kiwanda kilichozitengeneza kikaacha kuzipelekea mise à jour, yaani masasisho ya mfumo. Daftari la mradi, lile la ndani ya simu, likadai mfumo mpya. Mfumo mpya ukasema simu zenu zimezeeka. Basi, ikawa mwisho. Kioo kizima, betri nzima, na simu haifai hata kuandika jina la mtu mmoja. Tuliwaandikia wale watu, wakatujibu kwa heshima nyingi kwamba mradi umefikia mwisho. Heshima yao nilitamani niitupe ziwani.

Tulizitia simu kwenye katoni chini ya meza ya titulaire, yaani mkuu wetu wa kituo. Zililala hapo hadi siku Maman Directrice alipokuja kupimwa sukari. Alikuwa ameongoza shule ya msingi huko Kadutu tangu sisi wengine hatujaota meno, na alikuwa amestaafu, lakini macho ya ukaguzi hayastaafu.

"Hii njo nini?" akauliza, akisukuma katoni kwa ncha ya kiatu.

"Simu, Maman. Zilikufaka," nikamjibu.

"Zilikufaka! Na nani alisaini acte de décès, karatasi ya kifo?"

Akaibeba katoni kichwani, yeye mwenyewe, akakataa kusaidiwa. Miezi mingi ikapita tukamsahau. Aliporudi, simu zote kumi na moja zilikuwa zinawaka. Alikuwa amezivua mfumo wa kiwanda na kuzivika Linux, mfumo usio na mwenyewe mmoja, unaotengenezwa na watu wa pande zote za dunia na kutolewa bure, ambao mtu mwenye kichwa na subira anaweza kuuendeleza hata kama kiwanda kimeisahau simu yake. Alijifunza kwa kusoma. Alichapisha makaratasi ya Kifaransa, akayashona kwa uzi, akayapigia mistari kwa biki nyekundu, na alipokutana na kosa kwenye kioo alilisoma kwa sauti, neno kwa neno, kama mtu anayesoma somo la kwanza kanisani. Daftari jipya la wamama aliliandika mwenyewe. Liliuliza jina, mtaa, mimba ya ngapi, tarehe ya kujifungua, na wiki moja kabla ya kila tarehe simu ililia.

"Kiwanda kilisema simu imezeeka," alituambia siku ile. "Na miye bananistaafisha. Sasa tutaona nani amezeeka."

Kila Ijumaa alishuka hadi kwa rafiki yake wa Nguba aliyekuwa na mtandao mzuri. Akapakua mise à jour zote mara moja kwenye kompyuta yake nzee, akazinakili kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu, akaitia kadi ndani ya kisanduku cha kiberiti na kukifunga kiunoni. Hivyo hakuna aliyekula mega zake za intaneti. Kadi moja ilikwenda Kavumu na mama muuza mashu, yaani kabichi. Nyingine ilifika hadi Shabunda, mfukoni mwa mfanyabiashara, kwa muganga wa kituo cha afya cha huko ambaye Maman Directrice hakuwahi kumwona, na baada ya miezi miwili ilirudi na kikaratasi: "Aksanti Maman, simu iko mupya." Kikaratasi hicho alikibandika ukutani, juu kidogo ya picha ya marehemu mume wake.

Jumamosi ilikuwa siku ya appel. Sikutanii. Alikuwa na daftari la kuita majina, lile refu la shule, na ndani yake hakukuwa na majina ya watu, kulikuwa na simu. Un, deux, trois, hadi onze. Iliyofika alama P, isiyofika alama A, na A mbili mfululizo zilizungushiwa duara jekundu. Wauguzi wazima, wenye waume na wakwe, tumeketi kwenye benchi tunangoja kuitwa! Titulaire wetu, aliyetupigia kelele wiki nzima, alikaa pale mikono juu ya magoti, maana numéro un ilikuwa yake. Aliwahi kujaribu kutuma mlinzi ailete. Maman Directrice akamrudisha mlinzi na ujumbe: "Ambia patron yako kama simu haikuzaliwaka na mulinzi."

Maneno yake tuliyajua kwa moyo. "Simu haiharibikagi siku inazimika. Inaharibikaka siku ulisema kesho." Na hili, alilolirudia kila mara mtu alipolalamika kwamba simu inafanya kazi vizuri, kuna haja gani ya kuigusa: "Mise à jour haiko mapambo. Iko kufunga dirisha yenye mwizi amesha kuona." Ukimwambia "la machine imegoma" alikukatiza. Mashine haigomi, alisema. Kuna mtu mahali fulani hakufanya kazi yake.

Na bado, mwanamke huyuhuyu, misa ya saa kumi na mbili aliifikia saa moja. Kila Jumapili ya Mungu! Alipita katikati ya kanisa na kitenge chake cha kujivunia wakati padri ameshamaliza mahubiri. Nilimuuliza siku moja, maana nilikuwa na kisasi. Akanijibu bila haya, "Kwa Mungu hakuna version mupya. Ile alisema mwaka jana njo atasema leo." Aliogopa pikipiki kuliko vita, mlima wote ule aliutembea kwa miguu. Alikutukana hadi machozi yakulenge, kisha hakukuachia uondoke bila kula viazi na maharagi, na ukikataa alitukana tena. Numéro quatre ilipoanguka chooni alitusimamisha wote na kutuamuru dakika moja ya kimya. Tulidhani ni mzaha, tukacheka. Haukuwa mzaha. Aliitoa mwenyewe kwa ndoano ya waya, akaikausha siku tisa, ikapona.

Nilimpenda? Acheni maswali hayo. Nilimwogopa, na nilitaka anisifu, na hakunisifu hata mara moja.

Sasa sheria yake. Ndani ya daftari la wamama aliweka kufuli: simu ikipitisha siku thelathini bila mise à jour, daftari linasomeka tu, haliandikiki. Mama amekuja, ana mimba, amesimama mbele yako, na wewe huwezi kumwandika hadi upande mlima kwa Directrice. Alisema bila hivyo hatutakuja. Alikuwa na haki, tusingekuja.

Lakini mwaka ule mvua ilikataa kukoma. Njia za Cimpunda zilikatika, nyumba mbili za jirani zetu zilishuka na udongo. Mume wangu alikuwa Shabunda kwenye mashimo ya dhahabu, mimi nina watoto watatu, na mkunga mwenzangu alikuwa mgonjwa, kwa hiyo zamu zote ni zangu. Nilipanda kwake Jumamosi moja, nimelowa hadi mifupa, nikamwambia:

"Maman, naomba utuwekee siku makumi tano. Mvua ikipita utarudisha trente."

"Cinquante? Mbona hausemi mille?"

"Maman, njia haiko. Angalia miguu yangu."

"Nimeona. Mvua inanyesheaka na ule mwizi wa dirisha, na yeye anafanya kazi."

"Maman, miye niko peke yangu kule."

"Basi kuwa peke yako na simu yenye iko à jour. Trente ni trente."

Nilitoka bila kula. Aliita nyuma yangu, "Viazi je?" sikugeuka. Njiani nilianguka mara mbili, na kila nilipoanguka nilimtaja.

Siku thelathini zikafika, daftari likajifunga. Na hapa nitasema nilichofanya. Bukavu yote inajua ufundi huu. Programu ikikuambia toleo lako limepitwa na wakati, nenda ukanunue mega, ufanye mise à jour, wewe unaingia kwenye tarehe ya simu, unairudisha nyuma, na simu inaamini. Inafunguka. Wanafunzi wanafanya, mapadri wanafanya, mimi mwenyewe nimefanya kwenye simu yangu ya nyumbani sijui mara ngapi. Nikarudisha tarehe ya numéro sept nyuma siku kumi. Daftari likafunguka palepale. Nilicheka kwa sauti, peke yangu mle chumbani, nikasema, "Directrice, leo nimekupata!" Simu zetu hazikuwekwa mega, kwa hiyo hakukuwa na mtandao wa kuirekebisha saa. Nilikusudia kuirudisha tarehe Jumamosi itakayokuja. Jumamosi ikaja na mvua yake, ikapita.

Yule mama wa sambaza alikuwa na mimba ya pili. Mtoto wa kwanza alitolewa kwa kupasuliwa, kwa hiyo huyu alipaswa kuzaliwa hospitali, si nyumbani, wala si kwetu. Hakuwa na simu. Tulikubaliana kwamba wiki moja kabla ya tarehe yake nitakwenda hadi mlangoni kwake nimchukue, nimpeleke mwenyewe. "Mutakuja kuniita?" aliniuliza. Nikamwambia, "Mama, simu italia, nitakuja, usihangaike." Nilimwahidi kwa mdomo huu.

Uchungu ulimshika nyumbani, alfajiri, na mvua. Mume wake na majirani walimteremsha kwa kiti cha plastiki kwenye zile ngazi za matope hadi barabarani. Hospitali walimfikisha yeye hai. Mtoto, msichana, hakufika.

Siku ya pili baada ya kumzika, nikiwa nachanja watoto, simu ililia mfukoni mwangu. Niliitoa. Jina la yule mama lilikuwa pale kwenye kioo, na chini yake: wiki moja imebaki, mwite.

Titulaire aliitisha mkutano. Alikuwepo yeye, na mume wa yule mama ambaye ni fundi mwashi, mimi, na Maman Directrice, aliyeitwa aikague simu aseme kwa nini haikulia. Alikuja na daftari lake la appel kwapani. Akachukua numéro sept, akafungua ule ukurasa mweusi wenye herufi nyeupe ambamo simu ya Linux inaandika kila kitu inachotendewa. Nilimwona akisoma. Kwa mara ya kwanza hakusoma kwa sauti. Nilijua ameona, maana simu haifichi: imeandika tarehe imebadilishwa, kwa mkono, siku fulani, saa fulani. Aliinua macho, akanitazama. Nilihesabu watoto wangu watatu kichwani.

Akalifunga daftari la appel, ambalo lilikuwa na A mbili kwenye mstari wangu, akalitia ndani ya mfuko.

"Kosa iko yangu," akasema. "Mise à jour yenye niliweka mara ya mwisho njo ilivuruga tarehe."

"Mbona ni hii moja tu?" titulaire akauliza.

"Iko modèle ingine kidogo," akamjibu, yeye, ambaye alikuwa ametukaripia miaka yote kwa kubahatisha. Simu zote kumi na moja zilikuwa sawasawa, pacha kabisa.

Yule baba alisimama. Hakupiga kelele. Alisema, "Kumbe ni ile kazi yako ya simu iliua mutoto wangu."

"Ni miye," akasema Maman Directrice.

Na mimi nilikaa pale! Nilikaa, nikapumua, nikashukuru. Siku tatu nzima nilimshukuru kila nilipopiga magoti. Kisha shukrani ikaanza kuoza.

Maana uongo wake uliingia mtaani ukafanya kazi. Titulaire alizikusanya simu zote, akazirudisha kwenye katoni. Tukarudi kwenye daftari la karatasi, ambalo paa likivuja linageuka uji. Watu waliokuwa wakimpelekea Directrice simu zao binafsi walizichukua. Watoto walimwimbia njiani, "Mise à jour! Mise à jour!" wakikimbia kama wanamkimbia mchawi. Mama muuza mashu wa Kavumu akamrudishia kadi yake ndani ya bahasha. Hakuteremka tena Cimpunda. Kazi ya miaka, iliyokuwa sahihi, sahihi kabisa, ikazikwa chini ya kosa ambalo haikulifanya, na aliyeizika ni yeye mwenyewe, kwa ajili ya nani? Kwa ajili yangu? Nani alimwomba? Ningefukuzwa, sawa, ningelia, ningeuza nyanya. Lakini ningekuwa nimesema. Alininyang'anya hilo, halafu nikalazimika kumwonea huruma pia. Kwa miaka minne niliponunua sambaza kwa yule mama, naye akinipimia, akiniongezea na kiganja kimoja juu, nilikuwa namchukia Maman Directrice.

Hayo yote ningeendelea kuyameza kama si wiki iliyopita. Mradi mwingine umekuja. Fulana nyingine, bango jingine, katoni nyingine ya simu. Titulaire aliwaita wauguzi wapya, wasichana wanne waliomaliza shule juzi, akawaambia: "Hapa kwetu hakuna kufanya mise à jour. Ile kintu inauaka batoto. Ikikatala kufunguka, mutarudisha tarehe nyuma."

Haki ya Mungu, ndivyo alivyosema. Mutarudisha tarehe nyuma. Na wale wasichana wakaandika kwenye madaftari yao.

Nilivua koti la kazi, nikapanda mlima mchana ule ule.

Nilimkuta uani, ameketi, mguu mmoja umefungwa bandeji na kuwekwa juu ya kiti kingine. Sukari imemla. Ule mwili mpana uliojaza mlango wa kanisa umebaki mifupa na kitenge. Nilikuwa nimejiandaa kuanza kwa heshima. Heshima ilinishinda.

"Kwa nini ulidanganyaka?"

Hakuuliza uongo gani. "Ikala," akasema, akinionyesha benchi.

"Siikali! Banafundisha batoto ba benyewe kurudisha tarehe! Sasa hivi, leo, na jina yako iko mu mudomo! Ulikuwa unajua. Ulisoma. Ungesema tu, numéro sept njo alifanya, bikwishe!"

"Unafikiri nilikulinda?"

"Sasa ulifanya nini?"

Akausogeza ule mguu kwa mikono miwili, polepole, akikunja uso.

"Usijidanganye. Haikukuwa mapendo. Ulikujaka hapa na mvua, ukaniomba cinquante. Nilikukatalia. Mu ile mukutano, kama ningesema we njo ulirudisha tarehe, ungesema kwa nini. Ungesema ya cinquante. Na bote bangejua kama Directrice alikuwa kichwa nguvu, aliweka kufuli mbele ya wamama benye mimba ju tu bantu bamutii. Kosa ya mashini, bantu banasameheaka. Kosa ya kichwa nguvu, hapana. Nilichagua mashini."

Miaka minne nimemfanya mtakatifu anayeniudhi, kumbe alikuwa mwoga kama mimi.

"Kwa hiyo siye bote bawili ni bawongo," nikasema.

"Bote bawili. Na we ulikuwa na miaka ine ya kukuja kuniambia hivyo. Nilikuwa hapa hapa."

"Nitamwambia," nikasema kwa hasira, sijui hata ilikuwa hasira ya nani tena. "Leo. Nitamwambia mama wa mutoto. Yangu na yako."

"Yangu anajua."

"Anajua nini?"

"Yote. Yangu na yako. Kilio ilipoisha nilishuka kwake, nilimwambia mu jiko. Ile mara ya mwisho nilishuka Cimpunda, njo ile. Alinifukuza na ufagio, alinipiga hapa." Akagusa bega. "Kiisha akaniita nikiwa mu njia. Akasema: usimwambie kama najua. Atakuja kununua samaki. Nataka nione atasema siku gani."

Sikumuaga. Nilishuka mlima, sikumbuki njia. Kilichonijia ni ule mkono wa mama wa sambaza ukiingia kwenye beseni, kila wiki, ukiniongezea kiganja kimoja, na macho yake yakingoja kwenye uso wangu kitu ambacho mimi nilidhani ni salamu.

Alikuwa mlangoni kwake, anachambua maharagi kwenye ungo. Nilisimama mbele yake. Nilisema, "Ile mwaka, ni miye nilirudisha tarehe ya simu." Nilisema hivyo tu.

Aliweka ungo chini. Akasimama, akajifuta mikono, akanipiga kofi moja, la mkono wazi, hadi sikio likalia. Kisha akaingia ndani, akatoka na kiti, akakiweka karibu na chake.

"Ikala," akaniambia. "Sasa anzia ku mwanzo, na usiruke kintu."